Kijiji cha Ituri hakiko mbali, kimewekwa mbali

Januari 2025 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa amri ya kuanzisha Ushoroba wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa. Ni eneo la kuhifadhi misitu, la zaidi ya kilomita za mraba 500,000, linaloanzia kwenye milima ya mashariki, likapenya misitu ya Ituri na Tshopo, majimbo ya kaskazini-mashariki, kisha likaufuata mto Kongo hadi mji mkuu. Kenya nzima, kuanzia Lokichoggio hadi Vanga, ina takriban 580,000. Kabla mwezi huo haujaisha Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na habari za msitu zikafunikwa na habari za vita. Ziliibuka tena Novemba, Brazil ilipozindua mjini Belém mfuko unaokusudia kuzilipa nchi zenye misitu ya tropiki takriban dola 4 kwa mwaka kwa kila hekta iliyosimama. Tangu hapo Nairobi haikosi mtu wa kuuzungumzia msitu wa Kongo. Kwa watu wa mikutano ya Gigiri, yalipo makao ya Umoja wa Mataifa, msitu ule ni mapafu ya Afrika. Kwa wafanyabiashara wa Industrial Area, ni njia ya kufikia soko la watu zaidi ya milioni 100, jirani aliyeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na ambaye bado hatujajua vizuri namna ya kumuuzia.

Makundi haya mawili hayapendani sana, lakini yameanzia mahali pamoja. Yote yanaamini kwamba mtu anayeishi ndani ya msitu ule yuko mbali, na kwamba kilichomweka mbali ni msitu. Mimi naona msitu umesingiziwa. Umbali wa kijiji cha Ituri ulitengenezwa na watu, katika miaka inayojulikana na kwa sababu zinazojulikana, na unaendelea kutengenezwa kila wiki kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye mizani ya mnunuzi. Tusipolielewa hilo, fedha za ushoroba na za Belém zitapita juu ya vijiji hivyo kama ndege.

Ushahidi wa kwanza ni lugha hii ninayoandikia. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipoingia Ituri akitokea magharibi, na wapagazi wake Wazanzibari wakifa njaa njiani, aliowakuta ndani ya msitu walikuwa Waungwana: watu wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa waliotokea pwani na Manyema, wenye makazi yao, mashamba yao na bunduki zao. Ugarrowwa alikuwa na kambi kando ya mto Ituri. Kilonga-Longa alikuwa Ipoto. Sina nia ya kuwasafisha, kwa maana walichoma vijiji na kuteka watu. Lakini waliacha Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu kiliitwa Kingwana kwa jina lao, na ambacho hadi leo watu wa makabila ya huko, Mbira, Mlese, Mnande na Mmbuti, hukutana nacho sokoni. Pembe zilizobebwa kutoka bara kama lile zilipitia Zanzibar zikaishia kuwa vitufe vya piano Ulaya na Marekani. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi cha kunyweshea ng'ombe wa Wamaasai. Tukizungumza kwa haki, sisi ndio tulioingia katika biashara ya dunia tukiwa tumechelewa.

Ushahidi wa pili ni sura ya kijiji chenyewe. Mgeni akipita leo kati ya Mambasa na Nia-Nia huona nyumba za udongo zimepangwa kwa mstari kando ya barabara, migomba nyuma yake, kisha ukuta wa miti. Hupiga picha na kuiita makazi ya asili ya msituni. Ule mstari haukuchorwa na wenyeji. Wabelgiji walipoupasua msitu kwa barabara hawakuipeleka barabara vijijini. Walivileta vijiji barabarani. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 wakulima waliokuwa wametawanyika ndani waliamriwa wajenge pembeni mwa njia, ili wahesabike, watozwe kodi, na kilimo cha lazima cha pamba na mpunga kiweze kusimamiwa na karani aliyepita kwa gari. Kwa hiyo watu walihamishwa waifuate barabara. Kisha barabara yenyewe ikafa. Uasi wa 1964, miaka thelathini na ushei ya Mobutu, na vita vya 1996 hadi 2003 viliifanya njia kuu ya Kisangani hadi Beni, ile Barabara ya Taifa namba 4, kuwa mfululizo wa madimbwi ambayo lori halikuweza kuyavuka kwa miaka. Wajukuu wa waliohamishwa wakabaki kwenye mstari uleule, wakitazama njia isiyopita kitu isipokuwa watu wa miguu, askari na baiskeli.

Nisimame kidogo kwenye hiyo baiskeli, kwa sababu ina mengi kuliko ripoti nyingi. Imeondolewa pedali na mnyororo. Kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu ili mwenyewe aweze kuiongoza akitembea kando yake, na nyuma ya kiti imesimamishwa nyingine ya kusukumia. Juu yake kuna mitungi ya mafuta ya mawese, au magunia ya mpunga, au nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mtu husukuma kwa siku nyingi, hulala barabarani, hufika mjini na kuuza kwa bei anayotajiwa, maana hawezi kuirudisha mizigo. Anarudi na chumvi, sabuni, betri, vitambaa na dawa za malaria. Kila alipopita kizuizi, wenyewe husema barieri, ametoa kitu: kwa askari, kwa mtoza ushuru, wakati mwingine kwa kijana mwenye bunduki asiye na cheo chochote. Malipo hayo huongezwa kwenye chumvi anaporudi, na hukatwa kwenye mawese anapokwenda. Hapo ndipo umbali ulipo. Ungeweza kuweka lami njia nzima na bado ukakuta pengo lilelile la bei, mradi kamba ya kizuizi bado imefungwa kwenye mti na mnunuzi mjini bado ni mmoja.

Lami, hata hivyo, si kitu cha kudharau, na hapa watu wa Industrial Area wana hoja. Njia ilipofunguliwa tena katika muongo wa 2000, kwa fedha za wafadhili ikiwemo Benki ya Dunia, malori yalirudi na bidhaa zikarudi nayo. Chanjo inayohitaji kukaa kwenye baridi haiwezi kusukumwa kwa baiskeli siku kumi. Mama mwenye uchungu uliokwama hawezi kungoja wanaume wanne wambebe kwa tipoyi, yaani machela, hadi hospitali. Anayesema barabara ni anasa ya wakandarasi amesahau kwamba yeye mwenyewe hupiga simu na gari likaja mlangoni.

Watu wa Gigiri nao wana hoja nzito zaidi ya tunavyokubali. Utafiti wa Amazon uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 95 ya ukataji wa msitu ulikuwa ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabara, au kilomita moja kutoka mto unaopitika. Ituri haikuwa tofauti. Pamoja na malori walifika wenye misumeno ya injini, wachimba dhahabu, wafanyabiashara wa nyama pori, na wakulima waliokimbia msongamano na mauaji ya Beni na Butembo ili kupanda kakao, zao ambalo bei yake ya dunia Desemba 2024 ilivuka dola 12,000 kwa tani. Hifadhi ya Okapi ya Ituri, yenye jina la mnyama wa jamii ya twiga, iliyoanzishwa 1992 na kuingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, iliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka uliofuata na haijatoka. Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai walivamia makao yake Epulu, wakaua watu wakiwemo walinzi, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Halafu kuna makaa ya chini ya maji: kwenye bonde la kati la Kongo, magharibi zaidi, kuna tabaka za majani yaliyooza nusu ambazo watafiti wamezikadiria kuwa na kaboni ya tani bilioni 29. Zikikaushwa, kaboni hiyo itapanda angani, na hata sisi wa Athi River tutajua.

Hoja zote mbili zinasimama kwa sababu kila moja imeona nusu ya kweli. Ile isiyosimama ni ya tatu, nayo ndiyo hupendwa zaidi kwenye mazungumzo ya jioni: kwamba watu wale wamezoea, wana kila kitu msituni, na kuwaletea zahanati na hati za ardhi ni kuwaharibia maisha. Anayeisema huwa anawafikiria Wambuti, wawindaji wa msitu ule, na huwa amewaona kwenye filamu wakicheza ngoma usiku. Ni kweli kwamba Wambuti wanaujua msitu kuliko yeyote. Wanajua mbegu za mti wa mbau zinavyoliwa, asali inapatikana mwezi gani, na nyavu zitegwe wapi ili wanawake na watoto wamswage mnyama kuelekea huko. Lakini katika miaka ya 1980 wanaanthropolojia walikaa wakajiuliza swali zito: je, binadamu amewahi kuishi ndani ya msitu wa mvua kwa chakula cha msitu pekee, bila mkulima jirani? Mjadala haukwisha, lakini kwa Ituri ya nyakati zetu jibu liko wazi. Sehemu kubwa ya chakula cha mwindaji hutoka shambani, muhogo na ndizi alizopata kwa nyama, asali au kazi. Mwindaji na mkulima wamefungwa pamoja kwa undugu, deni, dharau na mahitaji, vizazi na vizazi. Hakuna "kila kitu" msituni. Kuna makubaliano kati ya watu, na makubaliano hayo huvunjika pale nyama inapoanza kununuliwa na mwenye pikipiki kutoka mjini badala ya jirani. Anayesema wameridhika angeanza kwa kuwauliza bei ya chumvi.

Kuna binamu wa hoja hiyo, anayesema kinyume lakini kwa uvivu uleule: kwamba wanakijiji ndio wanaoumaliza msitu. Takwimu zipo. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliotolewa 2018 ulihusisha asilimia 84 ya uharibifu wa misitu ya Bonde la Kongo na mashamba madogo ya jembe na panga. Lakini soma tena. Udongo wa msitu wa mvua ni maskini. Rutuba imo kwenye miti yenyewe, na majivu yake hulisha muhogo kwa misimu miwili mitatu tu, kisha shamba hulazwa miaka mingi. Mfumo huo ulifanya kazi watu walipoweza kuzunguka. Ukiwafunga kwenye mstari wa barabara, ukawaongezea wakimbizi, wanarudi kwenye shamba kabla halijapona na kuufuata msitu mpya nyuma yake. Tena mijini, Beni, Bunia na Kisangani, watu wanapikia makala. (Kule makala ni mkaa, hii unayosoma haichemshi maharagwe.) Setilaiti humwona aliyeshika panga. Haimwoni aliyenunua gunia.

Wala haimwoni aliyenunua ubao. Serikali yetu ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, tulipongezana. Marufuku iliondolewa 2023, lakini katika miaka hiyo mitano viti na milango havikukoma kutengenezwa. Wauzaji walielekea Tanzania, Uganda na Kongo. Ukienda kwa mafundi wa Ngong Road utaambiwa "hii ni Kongo" kama mtu anavyotaja aina ya kitambaa. Fundi mmoja alinigeuzia ubao wa mvule nikaona upande mmoja una mawimbi ya msumeno wa injini, ishara kwamba ulipasuliwa palepale mti ulipoangukia, ukabebwa kwa mabega hadi barabarani. Ncha zilikuwa na rangi nyekundu na namba tatu. Nikamwomba anionyeshe karatasi zilizokuja na mzigo. Zilikuwa na jina la nchi, jina la mfanyabiashara na idadi ya vipande. Kijiji hakikutajwa. Fundi hakuona ajabu, na sikumlaumu, maana hata mimi meza ninayoandikia sijui imetoka wapi.

Tukiwa bado nyumbani, tukumbuke kwamba hatuna ubavu wa kuwafundisha Wakongo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaagiza walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 nyumba zao Sasimwani, Narok, zilikuwa zikibomolewa tena, kwa jina la kulinda msitu. Kwenye karatasi, Kongo imetutangulia. Tangu 2014 ina amri inayoruhusu jamii kumilikishwa msitu wa hadi hekta 50,000, na Julai 2022 ilitunga sheria ya kulinda watu wa asili, Wambuti na Wabatwa wakiwemo. Karatasi haizuii mtambo wa kuchimba dhahabu, kama ulivyoonekana kuingia ndani ya Hifadhi ya Okapi yenyewe. Lakini ni kitu cha kushikia, na ndicho ningekitazama kwanza katika huu ushoroba: mistari ya ramani ya vijiji inachorwa na nani, na inaandikwa kwa jina la nani, kabla ya bango lolote la mradi kusimamishwa.

Tufanye hesabu ya juu juu. Mfuko wa Belém umesema angalau asilimia 20 ya malipo iwafikie watu wa asili na jamii za wenyeji. Chukua msitu mmoja wa jamii wa hekta 50,000. Kwa dola 4 kila hekta ni dola 200,000 kwa mwaka. Asilimia 20 yake ni 40,000, kama shilingi milioni tano zetu. Kileleshwa huwezi kununua nyumba ya vyumba viwili kwa fedha hizo. Katika kundi la vijiji vya Mambasa zingetosha kubadilisha mambo kadhaa kila mwaka, ikiwa zitafika, na zitafika tu pale ambapo kuna jamii yenye jina kwenye hati. Pasipo hati, anayehesabiwa kuwa mwenye hekta ni serikali iliyoko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, na asilimia 20 itatumika kwenye warsha. Ndiyo maana nasema Kenya, kama mwanachama wa Jumuiya na mnunuzi wa mbao, inapaswa kudai vitu vya kuchosha: jina la kijiji kwenye karatasi ya ubao, orodha moja ya ushuru kwenye njia kuu za Jumuiya, na kuondolewa kwa vizuizi visivyo na sheria. Hakuna wa kukata utepe hapo, na pengine ndiyo sababu hatujadai.

Na asiyejali mtu wa msituni ajali mwili wake. Ugonjwa wa mpox ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Basankusu. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa Kenya aligunduliwa Taveta, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda. Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri iliua watu zaidi ya 2,200. Anayeona dalili za kwanza za haya yote ni muuguzi wa kijijini, na tumemwacha bila glavu.

Mmoja wa wauguzi hao, kutoka eneo la Mambasa, alikuwa Nairobi majuzi kwa mafunzo mafupi. Tulikula pamoja hoteli moja ya South B, akasikitika hakuna sombe, yaani kisamvu. Aliniambia hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kama wenzake wengi. Analipwa na wagonjwa, wengine kwa mchele, wengine kwa kuku, wengine kwa ahadi. Mgonjwa akiogopa gharama hukaa nyumbani hadi ashindwe kutembea, ndipo aletwe. Nikamweleza habari za Belém. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama fedha hizo zinalipa watu au miti.

"Zinalipa hekta," nikamwambia.

Akamaliza chai yake. "Sasa ndugu yangu, zahanati yangu ya vyumba viwili itakuwa hekta ngapi?"